Dirisha la Filamu ya Kumi na Tisa

Marehemu alichelewa kazini siku hiyo, kama kawaida yake.

"Marehemu yuko wapi?" akauliza mwongozaji.

"Anamalizia chai," nikamjibu.

"Mwambie afanye haraka. Kitanda cha kufia kimeshatandikwa."

Mgeni angetukimbia, lakini ndivyo tulivyomwita yule dada mwigizaji. Tulikuwa tunatengeneza tamthilia ya televisheni, sehemu nane, juu ya maisha ya Bi Machozi, nyota wa filamu aliyefariki miaka mitatu nyuma, na yeye ndiye aliyepewa nafasi ya kuwa Bi Machozi. Jina la Marehemu lilimganda tangu wiki ya kwanza. Siku moja mama yake mzazi alipiga simu ya ofisini, mtu wa mapokezi akamwambia Marehemu ametoka kidogo. Mama wa watu alikaa sakafuni kabla hajaeleweshwa.

Mimi kazi yangu ni mwendelezo. Tamthilia hupigwa vipande vipande: mtu anafungua mlango Jumatatu, anaingia ndani Alhamisi ya wiki ya tatu. Lazima awepo wa kukumbuka shati lilifungwa vifungo vingapi na kikombe kilikuwa mkono gani. Huyo ni mimi, na daftari langu la jalada gumu. Nikisema "hailingani", kamera inasimama, hata mwongozaji akinuna. Ndiyo mamlaka pekee niliyonayo duniani na siyaonei haya. Mwongozaji wetu tulimwita Picha Moja, kwa sababu kila asubuhi aliahidi kupiga kila tukio mara moja tu, na kufikia mchana tumepiga mara kumi na nne.

Ili nisiaibike nilitazama filamu zote za Bi Machozi, thelathini na moja, nikiandika. Mdogo wangu akachungulia sebuleni Jumapili, akaniambia, "Dada, huyu mama analia tangu juzi. Hamna wa kumbembeleza?"

Kwenye kiti cha pembeni ya skrini, kila siku, alikaa mume wa Bi Machozi. Mzee mwembamba, suruali ya pasi, kofia magotini. Wote tulimwita Babu. Familia ilikuwa imekubali tamthilia itengenezwe kwa sharti moja tu: mambo ya nyumbani yapigwe kama Babu anavyoyasimulia. Basi mwandishi wa skripti alikaa naye siku nne na kinasa sauti, akatoka macho mekundu. Kijana mzuri yule, ila filamu za zamani hakuwa ametazama zaidi ya tatu. Alisema hataki zimchafulie mawazo.

Mimi mawazo yangu yalikuwa yamechafuka barabara. Tulipopiga tukio la Babu anaposa, mnyororo wa baiskeli ukamtoka mlangoni kwa mchumba, na Bi Machozi akamwambia atengeneze mnyororo kwanza, moyo baadaye, nilishtuka. Hiyo ilikuwa filamu ya saba. Nikajisemea, labda ndivyo ilivyokuwa kweli, filamu ikaiga maisha. Wiki iliyofuata wakagombania redio. Filamu ya kumi na mbili, hadi kitufe kilichovunjika.

Sasa asubuhi hii tumepewa kurasa za kifo, bado zina joto la mashine. Bi Machozi yuko hospitalini, mumewe amemshika mkono, naye mgonjwa anamwambia: "Fungua dirisha, baba, nisije nikaondoka bila kuuaga mtaa." Anafunga macho. Mwisho wa tamthilia.

Filamu ya kumi na tisa. Neno kwa neno.

Mafundi walikuwa bado wanafunga taa. Nilimkuta Babu nyuma ya ukuta wa mbao uliopakwa rangi ya hospitali, anakoroga chai.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja kuniambia jana kofia yangu ilielekea wapi?"

"Nimekuja kwa habari ya dirisha."

"Dirisha gani?"

"La kuaga mtaa. Nimeliona, Babu, kwenye filamu ya kumi na tisa. Baiskeli iko ya saba. Redio iko ya kumi na mbili."

Aliendelea kukoroga, ingawa sukari ilikuwa imeyeyuka zamani.

"Umezitazama zote?"

"Zote."

"Hata ile ya mapacha?"

"Hata hiyo."

"Pole," akasema. "Ile ilikuwa mbaya."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Kwa hiyo mimi mwongo."

"Sijasema hivyo, Babu. Watakaosema ni wapenzi wake, wale wanaozijua filamu kwa mistari. Sehemu ya nane ikirushwa watakucheka nchi nzima. Watasema mzee hakumjua mke wake, alimwona kwenye sinema kama sisi."

"Wala hawatakosea sana." Aliweka kikombe chini, kwenye boksi la nyaya. "Kwa mwaka alikuwa nyumbani miezi miwili. Na akirudi, anarudi na skripti. Tunakaa mezani, mimi nasoma ya mwanaume, yeye anasema ya kwake. Huyo wa baiskeli ni mimi niliyemsomea. Wa redio, mimi. Hilo dirisha tulilirudia wiki mbili, wali unaungua jikoni. Maneno yale aliniambia mimi kabla hajamwambia mwigizaji yeyote. Sasa kijana na kinasa sauti chake ananiuliza mke wako alikuwa anakuambia nini. Nimwambie nini?"

"Na hospitalini?"

Akaitazama kofia.

"Hospitalini nilikuwa kwenye foleni ya dawa. Niliporudi wameshatandika kitanda." Akaipangusa vumbi. "Nani atatazama hiyo? Nyota anakufa, mume yuko dirisha la dawa na kikaratasi. Tafadhali, mjukuu, usiniseme kwa hawa watoto. Wananiita Babu."

Nilirudi kwenye nafasi yangu nikiwa nimebanwa pande zote. Nikimwambia Picha Moja, Babu anaaibika leo, mbele ya watu ishirini na wanne wanaompisha kiti. Nikinyamaza, anaaibika mwezi ujao, mbele ya kila nyumba yenye televisheni. Marehemu akaingia amevaa gauni la wagonjwa, akapanda kitandani, akajifunika. Mwigizaji wa kiume, tuliyemwita Mume, akakaa kwenye kiti, mikono mapajani.

"Kimya," akasema Picha Moja. "Tunapiga mara moja, tunakwenda nyumbani."

"Hailingani," nikasema.

Akanigeukia taratibu, kama mtu mwenye shingo mbovu. "Kipi hakilingani? Hatujapiga hata kimoja."

"Korido. Wiki ya pili tulimpiga Mume akiingia chumba hiki. Alikuwa na miwani puani na karatasi mkono wa kushoto. Sasa yuko mikono mitupu."

"Karatasi? Sikumbuki karatasi."

Nikafungua daftari, nikausomea ukurasa kitu ambacho haukuwa nacho. "Korido, shoti ya nne. Karatasi sita, zimekunjwa kona."

Nilikuwa sijawahi kusema uongo nikiwa nimelishika daftari lile. Nilishangaa ulivyotoka laini. Na katika kazi yetu hakuna anayelikagua daftari la mwendelezo. Likisema koti lilikuwa jekundu, hata aliyelivaa anajitilia shaka.

"Karatasi za nini?" Mwandishi wa skripti alikuwa amesimama. "Mimi sijaandika karatasi mahali popote."

"Za skripti. Bi Machozi alikuwa akifanya mazoezi na mume wake. Muulizeni Babu."

Vichwa vyote vikageuka. Nilimwachia Babu mlango mdogo: aseme ndiyo, ipite, iwe mazoezi tu, na mtazamaji ajue maneno yametoka wapi. Zaidi ya hapo sikumwomba kitu.

"Alikuwa hivyo," Babu akasema. "Miaka yote. Mimi nilikuwa nasoma ya mwanaume."

Marehemu akajiinua kwenye mto. "Samahani, nijue basi. Ninakufa, au ninafanya mazoezi ya kufa?"

"Mazoezi," Babu akamjibu. "Kufa alikufa mimi nikiwa foleni ya dawa."

Fundi wa sauti akavua vifaa vyake masikioni. Babu akainuka, akaenda hadi kitandani, akamsogeza Mume bega kidogo kama mtu anayerekebisha picha ukutani.

"Kidole gumba kiweke chini ya mstari, hivi. Ukiruka atakurudisha mwanzo. Na usimtazame. Wewe unasoma, kutazama ni kazi yake." Kisha akamgeukia mwandishi wa skripti. "Andika, kijana. Hayo ya dirisha ni ya filamu ya kumi na tisa. Hata ya baiskeli ni ya filamu, na ya redio. Nilikupa yale aliyoniambia mezani, ndiyo niliyokuwa nayo. Wiki ile ya mwisho aliniomba nimpelekee skripti za zamani hospitalini. Tulikuwa tunazipitia moja moja, anazicheka."

Hilo la mwisho halipo kwenye filamu yoyote kati ya thelathini na moja. Nani ajuaye kama si mimi?

Mwandishi wa skripti alikaa kwenye boksi la nyaya, akaandika gotini dakika arobaini. Alipomaliza tukapiga. Marehemu akasema la dirisha na kuaga mtaa, Mume akajibu akisoma, naye akamkatiza: "Umeruka mstari, baba." Wakacheka wote wawili, tena kicheko cha kweli, kwa sababu Mume aliruka bila kupanga. Kisha Marehemu akamtuma dawa. Mume akatoka na kikaratasi, akarudi, kitanda kimetandikwa. Picha Moja alipiga mara moja. Akaiangalia kwenye skrini, akajipangusa pua kwa mkono wa shati, akasema twende tukale. Babu alikula na mafundi wa taa, akawasimulia filamu ya mapacha mwanzo mpaka mwisho.

Siku kumi baadaye mhariri wa picha akapiga simu. Ameunganisha korido na chumba, na Mume kule koridoni hana miwani wala karatasi. Ana chupa ya chai, mkono wa kulia. Tena korido lenyewe lilikuwa limeshabomolewa, mbao zimejenga duka la sehemu ya tano.

Nikaitwa ofisini. Mwenye kampuni nyuma ya meza, Picha Moja dirishani, mwandishi wa skripti anachezea kalamu. Daftari langu lilikuwa wazi mezani, ukurasa wa korido.

"Hapa pameandikwa chupa ya chai," akasema mwenye kampuni. "Kwa mwandiko wako."

"Ndiyo. Niliandika sawasawa."

"Na ukasoma karatasi."

"Nikasoma karatasi."

"Ungetuambia tu ukweli kuhusu mzee."

"Haukuwa wangu. Alipotaka kuusema aliusema mwenyewe, kwa mdomo wake, nanyi mkampisha."

Mwandishi wa skripti aliinua macho, akayarudisha kwenye kalamu. Mwenye kampuni akanisukumia karatasi nyeupe.

"Hatukufukuzi. Andika umekosea, unaomba radhi, usaini. Watu wa mwendelezo wasipoaminika hatuna kazi hapa."

"Mstari mmoja tu, mdogo wangu," akasema Picha Moja, kwa upole kabisa. "Yaishe."

Nikavuta daftari langu, nikalifunga.

"Korido nitakuja kulijenga nanyi Jumamosi, misumari nitashika mwenyewe. Mume nitamshikisha karatasi sita, kona zimekunjwa. Lakini sikukosea, nilijua ninachofanya, na kesho nikiwekwa pale nitafanya tena. Radhi siombi."

"Hata kwa mdomo?"

"Hata kwa mdomo. Siombi."