Ukurasa wa Makofi

Mtu aliyebisha mlangoni kwa Edinah Jumamosi asubuhi, huko Matisi, Kitale, hakuwa jirani wala mwenye nyumba. Alikuwa mwanamume wa makamo mwenye gambuti za tope, ameshika kitabu alichokifunga ndani ya mfuko wa unga. Alisema anaitwa Wekoye, ametoka Kamukuywa, na anamtafuta madamu aliyeandika hadithi hii.

Edinah akafurahi. Tangu amalize chuo pale Kibabii, hicho kijitabu ndicho alichokifanya kwa moyo wake wote. Kilimhusu msichana anayesimama paredi, mbele ya shule nzima, na kumtaja mwalimu anayewashikashika wasichana. Ukurasa wa mwisho, shule nzima inampigia makofi matatu, vile watoto wa huku hupigiwa wanapofanya vyema. Alidhani mgeni amekuja kushukuru.

"Mtoto wangu Joy alisoma hii," Wekoye akasema. "Akasimama paredi, akamtaja mwalimu Wakoli. Halafu akabaki hapo mbele, anangoja makofi."

Edinah akamsogezea kiti.

"Walicheka, madamu. Alisimama hapo mpaka wakamtoa kwa mkono."

Mengine aliyasimulia akitazama sakafu. Wenzake Joy walihama dawati lake. Yeye mwenyewe, baba mtu, alimchapa kwanza kabla ya kumwamini. Sasa bodi ya shule ingekaa Jumanne kusikiliza, na Joy alikuwa amekataa kwenda asipokaa na mwandishi.

"Ati wewe ndiye unajua vile inaendanga."

Edinah hakujua inavyokwenda. Ukurasa ule aliutunga alasiri moja akiwa kitandani, kwa sababu alitaka watoto walale vizuri. Hata hivyo alimwahidi Wekoye kwamba Jumanne atakaa kando ya Joy.

Jumatatu simu ikalia. Alikuwa Mzee Wamalwa, mwenye duka la vitabu mjini Bungoma. Ndiye aliyekichapisha kile kitabu, na ndiye mwenyekiti wa bodi ile ile; nakala za kwanza alizipeleka shuleni kwake mwenyewe kwa fahari. Alizungumza kwa upole, kama kawaida yake. Wakoli amefundisha miaka mingi, alisema, na watu wake ni wengi.

"Binti yangu, kitabu ni kitabu tu. Ukikaa upande wa huyo mtoto, itaonekana mimi ndiye nimeleta moto kwangu. Shule arobaini zinangoja nakala. Wewe baki Kitale, bana."

Edinah akamuuliza itakuwaje akienda. Mzee akajibu kwamba basi nakala zote zitarudi stoo, na hatachapa nyingine. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomliza Edinah.

Mchana kutwa alipima shule arobaini dhidi ya msichana mmoja, na mara mbili hesabu ikamshinda. Kisha akawaona wasichana arobaini, kila mmoja amesimama mbele ya paredi yake, anangoja. Akapiga pasi sketi ya kesho.

Jumanne, Wakoli alikuwa ameketi katikati ya walimu wenzake, anachezea kalamu nyekundu. Joy alikuwa peke yake kwenye benchi, mdogo kuliko Edinah alivyomdhania. Baba yake alisimama ukutani, kofia mkononi.

Mzee Wamalwa akainua macho. "Na wewe ni nani wa huyu mtoto?"

"Ni mimi niliyemwambia kwamba watamwamini," Edinah akasema.

Mzee akavua miwani, akamtazama kwa huzuni ya kweli, kisha akamnong'oneza karani. Karani akatoka na simu yake. Kupitia dirishani Edinah alimsikia akimwagiza mtu wa duka apakue maboksi ya vitabu kutoka kwenye gari.

Akaketi. Benchi lilikuwa fupi, mabega yao yakagusana.

"Wamenuna," Joy akanong'ona.

"Wamenuna. Na mimi niko hapa."

Mtoto akaanza, sauti chini mno hata mwenyekiti akamwamuru arudie. Akarudia. Wakoli akacheka kidogo, na hakuna aliyemkanya. Joy akaendelea mpaka mwisho, na muda wote huo Edinah hakusogea.