Jani la Tatu Kutoka Kushoto

Kona ya juu kushoto: paa, waya wa umeme, ndege wawili. Kona ya juu kulia: wingu. Sifael alishuka taratibu kwenye picha aliyoigandisha, kama mtu anayepalilia mstari kwa mstari, hadi akafika chini kabisa penye ukuta wa nyumba, ndoo na paka aliyelala. Mmea haukuwepo. Akachukua kalamu, akaandika kwenye daftari: Kipindi cha pili, uani, hakuna. Kisha akakaa kidogo akilitazama neno hilo “hakuna”, nalo likampendeza kuliko lilivyostahili.

Ilikuwa Jumatatu, saa tatu asubuhi. Ng'ombe walikuwa wamekamuliwa na maziwa yamekwenda. Huo ndio muda aliouweka kwa ajili ya katuni zake tangu mwaka 2014, pale mwalimu wa kujitolea kutoka Japani, aliyefundisha hisabati sekondari ya jirani, aliporudi kwao na kumwachia boksi la DVD. Zilikuwa katuni tatu za miaka ya themanini: ya daktari wa mifugo, ya treni ya milimani na ya wazimamoto wa bandarini. Jumla vipindi hamsini na viwili. Kabla ya kuondoka mwalimu alimwonyesha jambo moja. Katikati ya umati wa soko la samaki, kwenye katuni ya wazimamoto, alisimama yule daktari wa mifugo wa katuni nyingine kabisa, ananunua pweza, kana kwamba ametoka kwao kuja matembezi. Anaonekana kwa nusu sekunde.

“Wachoraji walikuwa marafiki,” mwalimu alimwambia. “Walikuwa wanasalimiana.”

Tangu siku ile Sifael hakuweza tena kuangalia katuni kama watu wengine. Alijifunza mwenyewe kusoma herufi za Kijapani zilizoandikwa kwenye mabango ya maduka ya kuchorwa. Alijaza daftari tisa. Kikundi cha WhatsApp cha wapenzi wa katuni hizo, chenye watu wa Moshi, Arusha na hata Nairobi, kilimwita Jicho. Na Jumamosi ya wiki hii Godbless, mwenye duka la steshenari Bomang'ombe, angechapa orodha yao iwe kijitabu: kila kilichofichwa, jina la aliyekiona, na mwisho jumla ya kila mtu. Sifael alikuwa na mia moja thelathini na moja. Aliyemfuata ni rafiki yake Hosea, mwenye arobaini. Sifael hakuwahi kujisifu kwa hilo. Hakuwa na haja.

Halafu akaja Veronika.

Veronika alikuwa muuguzi, mwenyeji wa Singida, aliyehamishiwa Machame miezi mitano tu iliyopita na kupanga chumba kwa Hosea. Jumamosi iliyopita, Sifael na Hosea walipokaa kuangalia katuni kama walivyofanya miaka yote, naye alikuja na bakuli la karanga akakaa pamoja nao tangu DVD ya kwanza. Kiti chake, Sifael aliligundua hilo baadaye, kilikuwa karibu na runinga kuliko cha kwake.

“Samahani,” alisema katikati ya kipindi. “Ule mmea si ndio tuliouona kwenye katuni ya treni?”

“Mmea gani?” Hosea akauliza.

“Ule wa kwenye kona. Kama masale yenu.”

Hosea alicheka hadi karanga zikampalia. Alikumbuka wiki ya kwanza ya Veronika, alipokata jani la isale mpakani mwa shamba ili aliweke kwenye chupa mezani, kwa kuwa ni zuri, na mama yake Hosea akatoka mbio na jembe mkononi. Siku ile ndipo mgeni alipofundishwa kwamba pale isale lilipopandwa ndipo shamba la mtu linapoishia, na kwamba haliguswi.

“Cheka tu,” Veronika alimwambia. “Mama yako alinitia adabu. Tangu siku ile nikiona isale nashtuka. Kwa hiyo nayaona yote.”

Na alikuwa ameyaona. Katika katuni zote tatu, ambazo hazikutengenezwa na kampuni moja, ulikuwepo mmea uleule wa majani marefu, mara uani, mara dirishani, na jani la tatu kutoka kushoto limevunjika, linaning'inia. Hosea alirudisha picha nyuma, akabadilisha DVD, akarudisha tena, kisha akashika kichwa.

“Sifael, hebu sogea. Jani ni lilelile. Huyu ni mchoraji mmoja, anaacha saini yake.”

Sifael alisogea, akaangalia. Kuna kitu kilimkaa kifuani, kidogo, kigumu, kama kokwa aliyoimeza kwa bahati mbaya.

“Ni majani tu,” alisema kwa ile sauti yake ya chini. “Kila nyumba ina majani.”

“Yenye kilema kimoja?”

“Jani likizeeka linavunjika.”

Jioni ile aliandika kikundini maneno machache, tena ya upole: mmea alioutaja dada Veronika ni pambo la kawaida, hauhesabiwi. Watu wakaweka alama za dole gumba, kwa sababu Jicho amesema. Veronika hakuandika kitu. Ni Hosea peke yake aliyejibu, neno moja: “Umehakiki?”

Neno hilo ndilo lililomkalisha mbele ya kompyuta Jumatatu. Kwa miaka kumi na moja hakuwahi kutoa hukumu bila kuhakiki, na hii ya Veronika aliitoa kabla chai haijapoa. Akajiambia atapitia vipindi vyote hamsini na viwili, atafute kila ua na kila dirisha, na aonyeshe kwa maandishi kwamba jani huvunjika huku na huku, bila mpangilio.

Kipindi cha tatu aliukuta mmea dirishani mwa duka la dawa. Jani la tatu kutoka kushoto. Kipindi cha nne aliukuta mara mbili. Aliandika.

Kila alipoandika, kulikuwa na jina la kuweka pembeni. Kanuni aliitunga mwenyewe mwaka 2017, kwa mwandiko wake mzuri, ukurasa wa kwanza wa daftari la nne: Anayeitambua alama, kila inapotokea ni yake, hata ikionwa na mwingine. Wakati ule alikuwa ametambua namba ya gari, 317, ambayo mchoraji fulani aliirudia kwenye teksi, kwenye milango, hata kwenye kofia ya mlinzi. Namba hiyo peke yake ilimpa hamsini na tisa. Hakuna aliyeipinga kanuni. Ilionekana ya haki kabisa.

Jumanne, kufika mchana, Veronika alikuwa na arobaini na nne. Alikuwa amempita Hosea, naye hana habari. Alikuwa kazini anachoma watoto chanjo.

Mchana huohuo Sifael aliamua kulinganisha na kumbukumbu zake za zamani. Akafungua daftari la kwanza, lenye madoa ya kahawa, akatafuta kipindi cha nyumba ya mvuvi. Akasoma mstari, akausoma tena. Akatoka nalo nje, pale mkewe Eliaichi alipokuwa akimenya ndizi za mtori.

“Mama Kindness, hebu sikiliza. Ule mmea niliuona mwaka 2014. Nimeuandika, na tarehe ipo.”

“Umeandikaje?”

“Uani: ndoo, baiskeli, mpaka.”

Eliaichi aliweka kisu kwenye beseni. “Mpaka kati ya nani na nani?”

Sifael akalitazama daftari tena. Nyumba ya mvuvi ilikuwa peke yake juu ya mwamba, bahari pande tatu. Jirani hakuwepo hata mmoja.

“Labda kati yao na samaki,” Eliaichi alisema, akachukua kisu tena.

“Lakini mahali ni palepale. Nikiupiga picha ukurasa huu nikautuma, wataamini.”

“Wataamini, kwani wao waliwahi kukataa lini? Wewe ukisema yule paka ni mbuzi, watamtafutia majani. Ndiyo maana yule binti wa watu amenyamaza.”

Alipiga picha hata hivyo. Aliiweka kwenye ujumbe, akaandika chini yake tarehe, kidole kikasimama juu ya kitufe cha kutuma. Jogoo wa jirani akapita uani na kurudi, kidole bado kipo. Mwishowe akaweka simu mezani, uso chini. Hakutuma, wala hakufuta.

Sasa alielewa lililotokea, na kuelewa hakukumsaidia. Mmea ule alikuwa ameutazama mara mia na zaidi. Lakini mtu aliyezaliwa Machame, isale likiwa kwenye kona ya ua, halitazami. Linamwambia tu kwamba ya wenzake yanaanzia pale, naye anageuza macho kwa adabu, kama alivyofunzwa tangu hajaweza kubeba ndoo. Aligeuza macho hata mbele ya nyumba ya kuchorwa, akaandika “mpaka”. Kama angekosa kwa uvivu, angejilaumu na yakaisha. Alichokosa alikikosa kwa sababu yuko kwao, na Veronika alikipata kwa kufokewa siku moja tu. Miezi mitano. Hilo ndilo lililokuwa haliteremki kooni.

Jumatano jioni Veronika alikuja kuchukua maziwa yake, bado amevaa sare ya kazi. Eliaichi alikuwa bandani, kwa hiyo alimkuta Sifael mezani barazani, kompyuta imewashwa.

“Shikamoo, Baba Kindness.”

“Marahaba. Maziwa yako yapo, ngoja Mama Kindness atoke.”

Veronika alisimama na kidumu chake. Macho yakamwendea kwenye kioo, akayaondoa haraka, kama mtu aliyechungulia chumba cha watu. “Hosea ameniambia unaangalia ule mmea wangu. Nami nimesoma kikundini kwamba si alama.”

“Niliandika hivyo.”

“Na sasa?”

“Sijamaliza.”

“Haya.” Akatabasamu. “Mimi ningeshachoka. Ikitokea ni alama, niandikie tu ile moja niliyoiona Jumamosi. Inanitosha, niwaonyeshe wadogo zangu Singida.”

Ile moja. Sifael alihisi jinsi ambavyo ingekuwa rahisi. Veronika hakuijua kanuni, hakuna aliyemwambia. Sifael angeitikia kwa kichwa tu, bila kusema uongo wowote, na Jumamosi kijitabu kingetoka na Veronika ana moja, na binti angefurahi kwa moyo mweupe. Alimchukia kidogo kwa kuwa angefurahi.

Akalivuta daftari la nne, akalifungua ukurasa wa kwanza, akaligeuzia upande wa Veronika.

Veronika alisoma akitikisa midomo. “Kwa hiyo kila unapoukuta…”

“Ni wako.”

“Na umeshaukuta mara ngapi?”

“Tisini na mbili. Mpaka sasa.”

“Kumbe nimeajiri mtu,” Veronika alisema, akacheka, kicheko cha wazi kabisa kisicho na nia mbaya. “Na mshahara sina.”

Sifael hakucheka. Eliaichi, aliyekuwa akitoka bandani na ndoo, alicheka kwa niaba yake.

Alhamisi alianza mapema zaidi. Hakuwa tena anatafuta kosa, na alijua. Alitafuta kwa sababu kazi iliyofika katikati ilimwasha mikono. Saa tano alimaliza kipindi cha kumi na tano cha wazimamoto, kisha akageuza simu na kufuta ile picha ya daftari la 2014. Akaandika kikundini: “Jumamosi nilikosea. Mmea ni alama, una jani lilelile kila mahali. Ni wa Veronika. Naendelea kuhesabu.” Maneno hayo yalimchukua muda mrefu kuliko kipindi kizima.

Hosea alipiga simu hapohapo.

“Mzee, umesoma ulichoandika?”

“Nimekiandika mimi.”

“Ana ngapi?”

“Mia moja ishirini na mbili.”

Sifael alimsikia Hosea akipiga hesabu. “Wewe una mia na thelathini na moja.”

“Ndiyo.”

“Vimebaki vipindi kumi na kimoja. Na unakutana mara ngapi na huo mmea, kila kipindi?”

“Mara mbili. Mara tatu.”

“Sifael, nisikilize mimi rafiki yako. Umeshahakiki, alama imekubalika, jina lake limeingia. Ishia hapo. Godbless anataka orodha kesho jioni, tunamwambia hivi ndivyo ilivyo hadi sasa. Nani atakuuliza vipindi kumi na kimoja? Kitabu kinatoka na jina lako juu, kama kawaida, na yeye wa pili, na kila mtu anakula mtori wake kwa amani.”

Lilikuwa neno la rafiki, na lilikuwa na akili ndani yake. Sifael aliangalia kioo. Wazimamoto walikuwa wamegandishwa wakikimbia na mpira wa maji kuelekea kipindi kinachofuata. Kile kitu kifuani kilikuwa palepale. Hakikupungua kwa ule ujumbe, kama alivyodhani kingepungua. Alitamani Veronika angekuwa ameikuta alama ndogo tu, ya mara tano, mara sita, ambayo mtu angempongeza nayo bila kuumia.

“Mwambie Godbless asubiri hadi kesho jioni kweli,” alisema. “Asianze kupanga majina leo.”

“Kwa hiyo unaendelea.”

“Bado kumi na kimoja.”

“Wewe mtu mgumu sana,” Hosea alisema, akakata.

Ng'ombe mkubwa alilia bandani; majani yalikuwa yameisha tangu asubuhi. Sifael alijumlisha tena safu ya Veronika, akapata ileile mia moja ishirini na mbili, akaiandika chini ya ukurasa kwa kalamu ya wino. Akageuza ukurasa mpya, akapiga mistari ya safu kwa rula, na juu yake akaandika: Kesho. Wazimamoto, kipindi cha kumi na sita. Kisha akazima kompyuta, akachukua panga na kamba, akashuka bondeni kukata majani.