Galaksi Iliyopungua Uzito

Profesa aliingia chumba cha mtihani na miwani ya jua usoni, na humo ndani jua halikuwemo. Aibu ina mambo yake, jamani.

Asubuhi ile, chai haijapoa, alikuwa amefungua vipimo vipya kutoka kwenye darubini. Vilihusu galaksi kibete moja, jirani wa hii galaksi yetu, kitu kidogo chenye nyota chache hafifu. Ni mama huyu aliyewatangazia watu kwamba kidude kile ni kizito ajabu: nyota zake zinakwenda mbio mno, basi lazima kuna maada isiyoonekana inayozishikilia zisitawanyike. Akapigiwa makofi, akapewa ofisi yenye zulia. Sasa, nyota ikiwa na mwenzake, zikawa zinazungukana, mbio zake zinadanganya: unapima mzunguko wao wawili, ukadhani ni uzito wa galaksi. Dawa yake ni kupima leo, kisha urudi mwakani upime tena. Profesa alipima mara moja tu, akakimbilia sifa. Haraka haraka haina baraka, lakini nani angethubutu kumwambia?

Alithubutu mwanafunzi wake, binti mmoja mpole ambaye idara nzima ilimwita Taratibu. Sura ya nne ya tasnifu yake ilisema wazi: nyingi katika nyota zile ziko mbili mbili, na galaksi yenyewe ni ya kawaida tu, haina uzito wa ajabu. Profesa alimcheka mbele za watu. "Mwanangu, nyota umeanza kuzijua juzi!" Na leo vipimo vipya vilikuwa vimempa binti haki yake yote.

"Sura ya nne inapingana na kazi ya Profesa," mwenyekiti wa jopo la mtihani alimwambia Taratibu. "Uitoe, la sivyo shahada hupati." Akageuka. "Profesa, wewe ndiye mwenye galaksi. Una la kusema?"

Watu wakacheka kidogo. Profesa akafungua mdomo. Sentensi moja ingetosha: binti yuko sahihi, mimi nimekosea. Lo, wapi! Uso ukamwaka hadi masikioni, akainamia meza kama mtu aliyedondosha kifungo.

"Sina," akasema.

Taratibu alimtazama. Kisha akamgeukia mwenyekiti. "Basi nitaitoa."

Akafaulu. Wakampa mikono, wakampongeza. Profesa alichomoka kwenda zake, ila binti akamwahi koridoni, na ikabidi asimame. Aliona haya hata kumtazama.

"Hongera, mwanangu," alisema Profesa.

"Asante, Mama." Taratibu alishusha sauti, maana wenzake walikuwa wanakuja na kamera. "Vile vipimo vya asubuhi, na mimi walinitumia. Nilinyamaza ili useme wewe mwenyewe."