Namba Zisizo na Jina

Kibonyezo chenyewe kilikuwa ndani kabisa ya mipangilio ya simu, ukurasa wa tatu, chini, na Sleiman alikiwasha kwa kidole kimoja huku mkono wa pili umeshika kikombe cha kahawa. Haikumchukua dakika. Tangu siku hiyo, simu ya shangazi yake, Bi Thuraiya, iliacha kulia kila alipopigiwa na mtu ambaye jina lake halimo katika orodha. Kwa mpigaji iliita kama kawaida. Kwa mpigiwa ilikuwa kimya kama sahani.

Sleiman alikuwa mwalimu wa hesabu Chake Chake, na hakuwa mtu wa kufanya jambo bila sababu. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi na simu ya shangazi haikupoa: leo mpiga debe wa chama hiki, kesho wa chama kile, na katikati yao matapeli. Mmoja alijifanya afisa wa kampuni ya simu akataka namba ya siri. Bi Thuraiya alikwisha kumtajia tarakimu mbili kati ya nne Sleiman alipoingia na kumpokonya simu. Mwengine alimwambia ameshinda pikipiki.

"Miye na pikipiki wapi na wapi?" alisema Bi Thuraiya, lakini alimsikiliza mpaka mwisho, kwani kumkatia mtu simu aliona ni utovu wa adabu.

Simu nayo ilikuwa shauri la Sleiman. Widad, binti wa Bi Thuraiya aliyeolewa Maskati, alitaka kumwona mama yake akizungumza naye, na kitochi, kile kisimu chake cha vibonyezo, hakionyeshi sura ya mtu. Basi ikanunuliwa simu ya kupangusa, kitochi kikatiwa ndani ya kopo la biskuti. Barazani kwa Mzee Duni, jirani yao hapo Wawi, jambo hilo lilijadiliwa wiki nzima.

"Mwalimu, umemtwika shangazi yako mzigo," alisema Mzee Duni, akiinua kitochi chake kilichofungwa mpira kiunoni. "Hii yangu ikilia naipokea. Basi. Hiyo yenu ina akili, na chenye akili kina shauri lake."

"Hata redio watu waliiogopa, Mzee Duni."

"Redio nikiifunga, nimeifunga mie. Haijifungi yenyewe, yakhe."

Watu walicheka. Sleiman alicheka pia, kwa upole wa mtu anayejua kwamba mwenzake amekosea.

Jambo ambalo hakulitia katika hesabu yake ni hili: Bi Thuraiya alikuwa mwosha. Kwa miaka thelathini na miwili, mwanamke akifariki Wawi na vijiji vya pembeni, yeye ndiye aliyeitwa kumwosha. Na nyumba ya msiba haipigi simu kwa utaratibu. Mwenye simu hana salio, mwenye salio analia, na mwisho anayepiga ni jirani, dereva, mpita njia, yeyote ambaye mkono wake hautetemeki. Habari za mauti zilimfikia Bi Thuraiya kwa namba asizozijua. Sleiman, aliyelelewa katika nyumba ile, alilijua hilo tangu utotoni. Alimwona mara ngapi akipokea, akisema "Inna lillahi", akinyanyua mkoba wake. Hakuwa amelisahau. Halikumjia tu alipokuwa akibonyeza.

Siku ya sita alifariki Bi Mwanabaraka, huko Makangale.

Bi Mwanabaraka na Bi Thuraiya walikaa mkeka mmoja chuoni wakisoma Kurani, Bi Thuraiya mtoto wa mwenye shamba la mikarafuu na mwenziwe mtoto wa mchumaji. Shamba likapita mikononi mwa wengine, na wao hawakuachana. Waliusiana zamani: atakayebaki amwoshe mwenziwe. Haukuwa mzaha. Laila, binti wa Bi Mwanabaraka, aliambiwa mbele ya mashahidi.

Mama yake alikata roho alfajiri. Umeme Makangale ulikuwa umekatika siku mbili na simu ya Laila ilikuwa imezima. Namba ya Bi Thuraiya ilikuwa imeandikwa kwa mkaa nyuma ya mlango. Laila akaazima simu ya jirani aitwaye Khatib, akapiga mara saba, ya kwanza saa moja na dakika kumi, ya mwisho saa nne kasorobo. Kisha wazee wakasema maiti hacheleweshwi. Akatafutwa mwosha mwengine, na dereva wa gari ya Chake akapewa habari aifikishe Wawi. Aliifikisha saa saba. Bi Thuraiya alipofika Makangale ilikuwa alasiri, na waliokwenda kuzika walikuwa wameshanawa mikono.

"Tulikupigia, Bi Thuraiya," alisema Laila. "Mara saba."

"Haikulia, mwanangu."

"Iliita mpaka ikakata."

Hakumkaribisha ndani.

Magharibi Bi Thuraiya alimpa Sleiman ile simu kwa mikono miwili. "Nitazamie. Nilibonya nini? Vidole vyangu hivi vigumu."

Sleiman aliifungua. Mara saba, namba moja, kwa wino mwekundu, zimejipanga moja chini ya mwenziwe. Zote zilikuwa zimefika. Alizitazama kwa muda wa kupumua mara mbili, akazifuta, kisha akaingia ndani kabisa ya mipangilio na kukizima kile kibonyezo.

"Mtandao, shangazi. Kule Makangale mbovu."

"Laila anasema iliita."

"Basi huenda kidole kiligusa pembeni. Kikigusa hapa, sauti inazimika. Hutokea."

Kila neno alilolisema, likipimwa peke yake, lilikuwa la kweli. Sauti huzimika hivyo. Hutokea.

Kwa siku tisa Bi Thuraiya alijifundisha ile simu. Aliibeba kiganjani kama yai. "Ni hapa nisiguse?" aliuliza asubuhi. "Hapo," alijibu Sleiman. Jioni aliuliza tena, na Sleiman akajibu tena. Skuli, alipokuwa akisahihisha, alikata alama za mwanafunzi aliyeandika jawabu bila kuonyesha njia, akakaa akiitazama kalamu nyekundu, kisha akazirudisha.

Siku ya kumi, kabla ya adhuhuri, walikuja wanawake wawili kutoka nyumba iliyo nyuma ya msikiti. Mkwe wao, Bi Abeer, alikuwa ametangulia mbele ya haki.

"Tumekuja kukuchukua, Bi Thuraiya. Maji tumeshateka, na majani ya mkunazi yapo."

"Tafuteni mwengine."

Wanawake walitazamana. "Mwengine nani, Bi Thuraiya? Wa kumtoa Wingwi? Saa hizi?"

"Miye nimeitwa mara saba sikuitika, na aliyeniita ni maiti aliyeniusia. Mtu kama huyo haaminiwi mwili wa mtu."

Sleiman alikuwa ukumbini, madaftari mapajani. Kama wangekubali na kuondoka, hakuna ambaye angelijua jambo hilo maisha. Aliliona hilo waziwazi, kama anavyoiona hesabu iliyokwisha kufanywa.

"Si wewe, shangazi."

"Si miye nini?"

"Hukugusa kitu. Mimi niliifunga isilie kwa namba usizozijua, kwa sababu ya wale matapeli. Zilifika zote saba. Nikazifuta."

Bi Thuraiya alimtazama. "Ulijua lini?"

"Siku ile ile. Uliponipa simu."

"Siku ile ile," alisema Bi Thuraiya. "Na hiki kidole changu, siku zote hizi, ukinambia usiguse hapo, usiguse hapo?"

Sleiman aliyaweka madaftari chini. Wanawake wa msiba walikuwa wameinamisha nyuso. Bi Thuraiya aliingia chumbani, akatoka na mkoba wake wenye sanda na karafuu maiti, na katika mkono mwengine lile kopo la biskuti.

"Twendeni," aliwaambia wale wawili. Mlangoni aligeuka. "Kesho tunakwenda kwa Laila. Utasema weye. Miye sitakusaidia neno."

Njia nzima ya Makangale Sleiman aliyapanga maneno: kwanza sababu, kisha kosa. Alipokaa mbele ya Laila aliugeuza mpangilio, akaanza na kosa, na alipolimaliza aliona sababu haina tena mahali pa kuwekwa.

Laila alimgeukia. "Kwa hivyo ilikuwa ikiita kwetu tu."

"Ndiyo."

"Mwalimu, miye nimemsema Bi Thuraiya nyumba nne. Nimesema kamdharau mamangu kwa kuwa ni mtoto wa mchumaji."

Bi Thuraiya alikuwa amekaa pembeni, lile kopo la biskuti ubavuni mwake.

"Nitakwenda nawe nyumba zote nne," alisema Sleiman.

"Utakwenda peke yako. Nitakuonyesha milango."

Laila aliingia ndani akarudi na kichupa cha marashi kilichofungwa kitambaa. Mama yake alikuwa amekiweka kiwe cha siku yake ya kuoshwa, kitumiwe kwa mkono wa mwenziwe, na yule mwosha mwengine hakupewa. Bi Thuraiya alikipokea. Hakukifungua.

Ndani ya kopo kitochi kikalia, kwa mlio ule wa zamani. Bi Thuraiya alikitoa, laini yake imesharudishwa humo tangu jana. Kiooni palikuwa na namba tupu, haina jina. Alijiweka sawa, akavuta ushungi.

"Naam. Ndiye miye, Thuraiya."

Sauti ya kijana, changamfu, ilisikika mpaka alipokaa Sleiman: hongera, mama, umeshinda. Sleiman aliunyoosha mkono kukichukua, akaurudisha. Bi Thuraiya alimsikiliza yule kijana mpaka mwisho, jina la zawadi, tarehe, masharti yote.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Nilidhani kuna msiba."

Alikiweka kitochi mapajani, kioo juu. Sleiman aliinuka akavaa viatu.

"Mlango wa kwanza ni ule wa buluu," alisema Laila. "Piga hodi sana, mwenyewe hasikii vizuri."