Koti la Kupandia Mlima

Alilikuta koti limelala juu ya meza ya kushonea. Si hapo alipoliacha. Jana alilitundika ukutani, mbavu zimepunguzwa, mishono imepakwa gundi na kukauka. Mumewe, mwongoza wageni mlimani, alikonda sana kichomi kilipomlaza kitandani, na koti lake la mvua likawa linampwaya kama la kuazima.

"Nimekusaidia mabega," alisema mama mkwe, akirudisha pini moja moja kwenye kikopo. "Umepunguza mbavu, mabega ukayaacha yaning'inie. Mwanangu, ng'ombe hazeeki maini!"

Aliinama kutazama. Juu ya kila bega ulipita mshono mpya, umenyooka kama umepigwa rula, na kando yake vitundu vya pini vimejipanga. Kwenye pamba, tundu la pini hujifunga lenyewe. Kwenye kitambaa cha mvua halijifungi kamwe. Ndiyo maana yeye alilibana kwa vibanio vya kuanikia nguo, na kila sindano ilipopita, gundi ikafuata. Hilo alijifunza peke yake, kwa kuharibu. Mengine yote, kupima, kukata, kuvuta uzi, alifundishwa na mama huyu aliyekuwa sasa akijifuta chaki vidoleni, ameridhika.

Nje gari lilipiga honi.

"Leta koti, mke wangu," mumewe aliingia, begi mgongoni. "Wageni wameshapanda gari."

"Ngoja kidogo, baba watoto."

"Ningoje nini? Mlima wenyewe umeshavaa mawingu."

Angeweza kunyamaza. Mume angelivaa, angependeza, na mama angesifiwa. Lakini ile pumzi ya mumewe ya siku za kichomi haikuwa imemtoka masikioni, pumzi ya msumeno kwenye mbao mbichi. Alichota maji kwa kikombe.

"Mama, naomba mkono wako. Uweke hapa, chini ya bega."

"Wa nini? Unataka kunichanja?"

"Uweke tu, mama."

"Mkeo siku hizi anafua nguo kabla hazijachafuka," mama alimwambia mwanawe, na wote wawili wakacheka. Hata hivyo aliingiza mkono.

Akamimina polepole. Maji yalituama juu ya bega, yakatulia.

"Si unaona? Pakavu kabisa. Mimi nimeshona kabla wewe..."

Hakumaliza. Aliutoa mkono, akaukunjua kwenye mwanga wa dirisha. Matone matatu yalikuwa kiganjani, na la nne likiteremka kuelekea kifundoni. Akayasugua kwa kidole gumba, kana kwamba yangeweza kuwa kitu kingine.

Honi ililia tena, ndefu.

"Kuna nini?" mumewe aliuliza.

"Ni mimi," mke aliharakisha kusema. "Nilisahau ku..."

"Nyamaza. Usinibebee mzigo wangu." Mama alimgeukia mwanawe. "Nimekutoboa koti, mwanangu. Kwa mikono yangu hii. Hupandi nalo."

"Mama! Nikiiacha safari hii watampa mwingine!"

"Na ukipanda nalo tutakupokea kwenye machela."

"Gundi itakauka lini?"

"Kesho asubuhi," alisema mke. "Leo ni njia nyepesi ya msituni tu. Mwongozaji mwenzako awafikishe kambi ya kwanza, wewe uwafuate kesho."

"Mwenzangu ndiye anayeitaka kazi yangu!"

Alitoka, akainama kwenye dirisha la gari, akaongea kwa muda. Wanawake wale hawakusikia neno, walimwona tu akionyesha mlima, kisha kifua chake. Gari likaondoka bila yeye.

Mama mkwe alikuwa ameshika mkasi mdogo. "Nifumue?"

"Hapana, mama. Ukifumua, matundu yatabaki. Tutapaka gundi juu yake, kwa ndani."

Mama aliuweka mkasi chini, akavuta kiti karibu zaidi ya kawaida yake. Koti likageuzwa ndani nje.

"Haya, fundi. Niambie nikaze wapi."

"Hapa. Usivute sana."

Gundi ilianza kutambaa juu ya mshono, kwa mstari mwembamba. Mlangoni mume alisimama akiwatazama, begi bado liko mgongoni, hajaamua kulitua.