Vigingi vya Barabara ya Sokoni

…na mpaka leo hajui nani alivihamisha, vile vigingi vyeupe vya mpimaji, jioni vimesimama mbele ya maduka, asubuhi viko ng'ambo ya barabara, kwenye jiko la mjane Luciana, na kila shimo la zamani limefukiwa vizuri, majani chini, udongo juu, kama tuta la ulezi… "Ndugu Mwinjuma, unatusikia?" anauliza Polikarp, mwenyekiti, anasikia, ndiyo, ofisi ya TANU imejaa, barabara inapanuliwa, mstari upite wapi, na kura za udiwani ni mwezi ujao, kiti chenyewe ni cha Mwinjuma, mstari ukirudi ulipokuwa kibaraza cha duka lake kinavunjwa, na vya wenye maduka wenzake, ndio waliomchagua, ukibaki ulipo jiko la Luciana linakwenda, na wakulima wote mpaka kijiji cha Kate watasema diwani kajipimia mwenyewe… lakini mkono ule uliofukia mashimo ni wa nani, mwenye duka gani anajua kutanguliza majani, huyo ni mtu wa jembe, Zenon? Zenon ni mtoto wa Luciana, hawezi kumvunjia mama yake jiko, "Mwenzetu anatazama dari," anasema Zenon, "labda kibaraza chake amekificha huko," wanacheka, Mwinjuma naye anacheka, mama yake mwenyewe, Mwasiti, alizaliwa kijijini Mwimbi, alilima matuta kabla ya kuolewa dukani, na asubuhi ile vigingi vilipohama alimkuta uani ananawa mikono, shikamoo mama, marahaba, akayamwaga maji upesi… kwani kunawa ni kosa, nani hanawi asubuhi, tena akimuuliza, naye akamjibu, jibu hilo atalipeleka wapi, atalileta hapa?… "Wanaotaka mstari wa kwanza, ule wa mbele ya maduka," anasema Polikarp, na Mwinjuma anauona mkono wake mwenyewe uko juu, peke yake, anautazama kama wa mtu mwingine, kisha unanyooka wa Zenon, kisha mingine, taratibu… ikaamuliwa hivyo, kazi ifanyike kabla ya kura, duka la diwani lianze, na sururu aliishika Mwinjuma mwenyewe, Zenon akang'oa nguzo ya kwanza ya kibaraza, akalifukia shimo lake, majani chini, udongo juu, na la pili akalifukia Mwasiti, vilevile, bila kuombwa, bila kumtazama mtu.