Vigingi vya Hoteli

Bwana Fabrice alifika na vigingi vyekundu kwenye kisiwa cha mtoni kilicho mbele ya mji wa Nyangwe, akavipigilia katika shamba ambalo Mama Régina alikuwa ametoka kulilima apande muhogo. Hapo, alisema, itajengwa hoteli, na kisiwa kizima kitaishi kwa pesa ya watalii.

Régina alimkagua kuanzia kofia mpaka viatu, visivyo na hata tone la tope.

"Hao wageni watakula nini?"

"Chakula itatoka mjini Kindu, mama."

"Na siku watakosa kuja, sisi tutakula nini? Ile hoteli?"

Fabrice alicheka, akageukia simu yake.

Mtumbwi ulipomvusha Fabrice kurudi ng'ambo, Régina aling'oa vigingi vyote. Katika kila tundu akachomeka kijiti cha muhogo.